Nilimlipia Mzee wangu matembezi ya historia Manchester, rivyu yangu hii hapa

Naandika hii kwa sababu nilipokuwa natafuta sikupata hata mtu mmoja aliyeelezea haya matembezi kwa Kiswahili, zote nilizosoma ni za wenyeji, mtu anaandika nzuri sana tumefurahia basi kaishia hapo, sasa hiyo inakusaidia nini wewe ambaye umeleta mzazi kutoka nyumbani, ana goti bovu na ana maswali kuliko mwandishi wa habari.

Baba yangu ana miaka 74, ni mtu wa Moshi, alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa miaka mingi mpaka anastaafu. Alikuja kunitembelea huku Uingereza wiki sita na mimi nikajidai nimpeleke London akaone ile saa na kasri la mfalme kama watu wote. Akaniambia mama, hayo nimeyaona kwenye kalenda tangu nasoma darasa la nne, mimi nionyeshe Waingereza wenyewe. Nikabaki nimeduwaa. Nikaanza kupekua kwenye simu nikaona kuna matembezi ya miguu Manchester, historia ya siasa na ya watu wa kawaida, masaa mawili na nusu, mkubwa pauni 16, mzee 13. Ukipiga hesabu ya kibongo 16 ni kama elfu 50 na kitu kwa kichwa, kwa kutembea barabarani ambako hata bure unatembea, nikaguna lakini nikalipa. Jina la kampuni silitaji, maana nitakayoyalalamikia ni madogo na ziko kampuni kadhaa zinazopita njia ileile karibu.

Tulikutana asubuhi St Peter's Square, pale kwenye tramu, chini ya sanamu ya Emmeline Pankhurst, yule mama aliyepigania kura za wanawake, aliyesimama juu ya kiti kanyoosha mkono. Tangazo lilisema watu 12 mwisho, nikahesabu tuko 22. Hapo ndo lalamiko la kwanza, kwasababu ukiwa wa nyuma na tramu inapita unabaki unasoma midomo tu. Mwongoza watalii wetu alikuwa mama wa makamo hivi, mwembamba, ana kikapu cha kitambaa begani, sauti ya mwalimu. Kumbe kweli alikuwa anafundisha zamani. Baba akamsalimia kwa kumuita Mama, yule mama akacheka akauliza nimekuwa mama yako lini, nikaingilia kati nikamweleza kwetu ni heshima, baada ya hapo wakawa marafiki na sisi tukasogezwa mbele. Kwahiyo ushauri wa kwanza, nendeni na mzee.

Sasa sikilizeni, mimi shule niliyosoma historia ilikuwa Waingereza walikuja, Waingereza wakachukua, Waingereza wakaondoka. Kama vile ni mtu mmoja ana kofia ya kuzuia jua. Na sisi kwa Kiswahili ndo kabisa, mtu wa Scotland Mwingereza, wa Wales Mwingereza, wote tumewatia kapu moja na wenyewe wakisikia wananuna. Huyu mama alianza na hilohilo, akasema leo nawaonyesha Waingereza wa dirishani na Waingereza wa uwanjani, mkiona tofauti mniambie.

Akatuvusha mtaa mmoja tu mpaka kwenye mnara wa kumbukumbu wa Peterloo, uko mbele ya ile kumbi kubwa ya mikutano inaitwa Manchester Central. Ni ngazi za mawe za mviringo zinapanda kama kichuguu, zimechongwa majina ya waliokufa na vijiji walivyotoka. Baba akakaa kwenye ngazi ya pili (goti) na akawa anapitisha kidole juu ya majina huku anasikiliza.

Hadithi yenyewe ni hii, na kwa hii tu pauni 16 zangu sizidai. Tarehe 16 Agosti 1819, siku ya Jumatatu, jua kali, watu kama 60,000 wamekusanyika hapo kipindi hicho ni uwanja mtupu unaitwa St Peter's Field. Wamekuja kwa miguu kutoka Oldham, Middleton, Rochdale, Stockport, wengi ni wafumaji na watu wa viwanda vya pamba, wamevaa nguo za Jumapili, kinamama wengine wamevaa nyeupe, watoto wamebebwa mgongoni, bendi zinapiga. Wanataka nini? Kura tu. Maana Manchester na majirani zake ilikuwa na watu kama laki moja na zaidi na haikuwa na mbunge wake hata mmoja, wakati huohuo kulikuwa na sehemu inaitwa Old Sarum kule kusini, kilima, hakuna anayeishi pale, kina wabunge wawili. WAWILI. Baba akauliza kilima kinapigaje kura, mama akamjibu mwenye ardhi anateua wapiga kura wake wachache wanakuja siku hiyo wanapiga wanaondoka. Baba akanitazama akatikisa kichwa, akasema hiyo naifahamu.

Na njaa juu yake. Mfumaji wa mkono aliyekuwa anapata shilingi 15 kwa wiki mwaka 1803 alikuwa kashuka mpaka 5 hivi ilipofika 1818, halafu bunge la wenye mashamba lilikuwa limepitisha sheria mwaka 1815 ya kuzuia ngano ya nje mpaka bei ya ndani ipande sana, kwahiyo mshahara unashuka mkate unapanda na wanaopanga bei ya mkate ndo haohao wamekaa bungeni. Si unaona.

Mahakimu wa mji wao walikuwa wamekaa kwenye nyumba pembeni ya uwanja, ghorofani, wanachungulia dirishani. Ndo Waingereza wa dirishani hao. Wakaona umati wamepanga mistari vizuri mno wakaogopa zaidi, yani wangekuja ovyoovyo wangeitwa wahuni, wamekuja kwa nidhamu wakaitwa jeshi. Wakatoa hati ya kumkamata msemaji mkuu, Henry Hunt, ambaye ndo kwanza kapanda kwenye jukwaa lililotengenezwa kwa mikokoteni. Wakatuma askari farasi wa kujitolea wa hapohapo mjini, wenye maduka, wenye baa, watoto wa wenye viwanda, watu wanaowafahamu kabisa hao waandamanaji kwa sura, wameingia na mapanga yaliyonolewa. Baadaye wakaingia na wanajeshi wenyewe wa farasi. Ndani ya dakika kama 20 uwanja mtupu, zimebaki kofia, viatu, shali na watu wamelala. Waliokufa wanahesabiwa 18, waliojeruhiwa mamia, inafika 600 na zaidi. Wa kwanza kabisa kufa hata uwanjani hakufika, ni mtoto wa miaka miwili, William Fildes, mama yake alikuwa kambeba mtaani farasi aliyekuwa anakimbia kuwawahi wenzake akampiga kikumbo mtoto akaanguka.

Halafu kuna huyu John Lees wa Oldham. Alipigana vita ya Waterloo mwaka 1815, ile ya kumshinda Napoleon, akarudi mzima, miaka minne baadaye anakatwakatwa na watu wa nchi yake nyumbani kwao, akafa baada ya wiki kadhaa. Jina Peterloo limetoka huko, St Peter's na Waterloo, magazeti yaliwakejeli askari, Waterloo yenu hii hapa hongereni. Na serikali ilifanya nini? Mtawala wa wakati ule akawatumia mahakimu salamu za shukrani. Hunt akafungwa miaka miwili na nusu. Na bunge likapitisha sheria sita chapchap za kubana mikutano na magazeti.

Hapa mwongozaji alifanya kitu nilichokipenda sana. Hakuongeza neno. Akaingiza mkono kwenye kikapu akatoa kipande cha kitambaa, kama shuka iliyokatwa, rangi ya maziwa yaliyochacha, hakijapaushwa, bado kina vidoadoa vidogo vyeusi vya ganda la pamba. Akasema hiki ndo walichokuwa wanakifuma, shikeni mpitishiane. Kikafika kwa Baba. Akakikunja, akakivuta pande mbili kwa vidole gumba kikatoa ule mlio, akakinusa (kweli alikinusa mbele za watu), akasema kwa Kiswahili, lakini hii si marekani hii? Mama yangu alikuwa na shuka ya hii.

Ikabidi nitafsiri, na mwongozaji macho yakamtoka maana kwake hicho ni kitambaa cha Manchester kinaitwaje marekani. Na Baba akatoa somo pale kwenye ngazi, mimi mkalimani. Kwamba zamani Zanzibar meli za Marekani zilikuwa zinaleta hicho kitambaa mpaka jina likaganda, kinaenda bara na misafara, kilikuwa kama pesa, halafu walivyoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe kule kwao 1861 kitambaa kikaadimika, wafanyabiashara wakaleta cha Manchester na cha Bombay kujaza pengo, watu wakaendelea kukiita marekani hivyohivyo. Kwahiyo bibi wa bibi yangu huenda alivaa kitambaa cha wajukuu wa hawahawa waliokatwa mapanga hapa, akakiita kwa jina la nchi nyingine. Watu 22 kimya. Mwanafunzi mmoja akaanza kuandika.

Kutoka hapo tunazunguka kona tunafika Free Trade Hall, jengo zuri la mawe mtaa wa Peter Street, sasa ni hoteli ya watu wenye hela. Limejengwa palepale kwenye uwanja wa Peterloo miaka ya 1850 kusherehekea kufutwa kwa ile sheria ya ngano, iliyofutwa 1846. Kuna kibao chekundu ukutani kinasema kilichotokea na idadi ya waliokufa. Lakini mama akatuambia kabla ya 2007 kibao kilikuwa cha bluu na maneno yake yalikuwa ya upole mno, kwamba umati ulitawanywa na jeshi. Kutawanywa! Kama kuku kwenye mahindi. Hakuna maiti, hakuna panga. Watu walipiga kelele miaka mpaka kikabadilishwa. Na mnara wenyewe wa mawe umekuja 2019, miaka 200 kamili, nao ukaleta ugomvi kwasababu ni wa ngazi na mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kupanda, mnara wa usawa halafu wengine wanabaki chini. Hilo mwongozaji alilisema mwenyewe bila kuulizwa, nikampa maksi.

Jengo hilohilo tena ndo mahali ambapo Oktoba 1905 mabinti wawili, Christabel Pankhurst ambaye ni mtoto wa yule wa kwenye kiti, na Annie Kenney, waliingia kwenye mkutano wa chama cha Liberal wakanyanyuka wakauliza swali moja, serikali yenu mkishinda mtawapa wanawake kura au la. Hawakujibiwa. Wakauliza tena. Wakatolewa nje wakasukumwasukumwa, wakashtakiwa, wakaambiwa lipeni faini, wakakataa wakachagua jela, Christabel siku saba, Annie siku tatu. Mimi aliyenikaa moyoni ni huyu Annie, maana Pankhurst walikuwa na elimu na nafasi, Annie alianza kazi kiwandani ana miaka 10, nusu siku kiwandani nusu siku shule, na mashine ilimng'oa kidole kimoja. Sanamu hana pale uwanjani, yake iko kwao Oldham.

Nilikuwa sijui kwamba hata wanaume wa huku hawakuwa wote na kura mpaka 1918. Kabisa nilikuwa sijui. Mwaka 1832 ndo Manchester ikapata wabunge wawili lakini kura ilikuwa ya mwenye nyumba ya thamani fulani, vibarua wakaachwa kwenye mataa. Wakaja watu wa Mkataba wa Watu, Chartists, wakaandika madai sita mwaka 1838, kila mwanaume wa miaka 21 apige kura, kura iwe ya siri, mbunge asilazimike kuwa na mali, mbunge alipwe mshahara, majimbo yalingane, na uchaguzi kila mwaka. Bunge likawakatalia mara tatu. Leo matano yote yapo, la sita tu ndo hakuna anayelitaka, na mimi nikifikiria kampeni kila mwaka nashukuru.

Kwenye kura ya siri mwongozaji akasema mpaka 1872 mpiga kura alikuwa anataja kwa sauti anamchagua nani mbele ya watu, mwenye nyumba wake anamsikia, bosi wake anamsikia. Baba akasema mlolongo. Nikamuuliza mlolongo gani, akasema si ule wa Kenya 1988, unapanga foleni nyuma ya mtu wa mgombea wako, wenzako wanakuona. Ikabidi nitafsiri tena. Kufikia hapa kuna kaka mmoja alikuwa ameacha kumwangalia mwongozaji anamwangalia Baba.

Baada ya hapo tunakata mpaka Lincoln Square kwenye sanamu ya Abraham Lincoln. Unajiuliza Lincoln anafanya nini Manchester. Ni kwamba vita ya Marekani ilivyozuia pamba, viwanda vya Lancashire vikafungwa, watu wakalala njaa, na pamoja na hiyo njaa wafanyakazi wakakutana Free Trade Hall tarehe 31 Desemba 1862 wakamwandikia Lincoln kwamba tuko na wewe dhidi ya utumwa, naye Januari 1863 akawajibu barua ya kuwashukuru, maneno yake yako chini ya sanamu.

Nzuri sana hiyo. Ila hapa ndo nakatia nyota. Kwasababu mwongozaji alitupa hiyo hadithi kama pipi na tukaondoka. Pamba yenyewe kabla ya vita ilikuwa inalimwa na nani? Na watumwa, miaka na miaka, mji mzima umejengwa kwa hiyo pamba, na si Lancashire yote iliyokuwa upande wa Lincoln, wapo waliotaka Kusini, upande wa wenye watumwa, ishinde viwanda vifunguliwe. Niliuliza. Alikubali akasema ni kweli, muda ni mdogo. Muda mdogo lakini tulisimama dakika kumi mbele ya baa moja ya zamani anatueleza mizimu. Mizimu mtupe bure, mimi nimelipia pamba.

Kituo cha mwisho ni Chetham's Library karibu na stesheni ya Victoria, maktaba ya mwaka 1653, Karl Marx na Friedrich Engels, wale wa ukomunisti, walikaa humo kiangazi cha 1845 wanasoma, dawati lao lipo dirishani. Engels mwenyewe baba yake alikuwa na hisa kwenye kiwanda cha pamba Salford, jirani kabisa na Manchester, mchana anafanya kazi kwenye ofisi ya mabepari jioni anazunguka mitaa ya masikini anaandika wanavyoishi. Lakini matembezi yanaishia NJE. Kuingia ndani ni tiketi nyingine ya maktaba wenyewe na inatakiwa ubuku mapema, tangazo halikusema hivyo kwa uwazi, kuna picha ya hilo dawati kabisa kwenye tangazo. Msiweke picha ya ubwabwa kama mnauza makande.

Na choo. Jamani masaa mawili na nusu, mzee wa miaka 74, baridi ile ya Aprili, hakuna kituo cha choo hata kimoja kwenye ratiba. Mwongozaji alipoona Baba anabadilisha mguu akatuambia maktaba kuu ya pale uwanjani ina vyoo, lakini tulikuwa tumeshaipita dakika arobaini nyuma. Tukaingia kwenye mgahawa, nikalazimika kununua chai mbili za pauni saba ili Baba apewe ufunguo. Ongeza hiyo kwenye gharama.

Sasa kitu kikubwa kuliko vyote hakimo kwenye matembezi. Wakati tunaagana Baba akauliza, Mama, Rochdale ni mbali? Yule mama akasema nusu saa na zaidi kwa tramu, unaenda kufanya nini huko. Baba akasema mimi ni mtu wa ushirika. Alisoma kozi Chuo cha Ushirika Moshi miaka ya sabini, na somo la kwanza ubaoni ilikuwa Rochdale 1844. Watu 28, wakiwemo wafumaji, wamechanga pauni 28, wakafungua duka la ushirika Toad Lane usiku wa tarehe 21 Desemba wakiwa na siagi, sukari, unga, shayiri na mishumaa. Yeye hayo anayajua kwa kichwa kama sala, mimi mtoto wake wa kumzaa sikuwahi kuyasikia. Kwanini walifungua? Kwasababu wenye maduka walikuwa wanachanganya unga na chokaa na wanapunja kwenye mizani. Baba aliniambia kwenye tramu, mama, mimi miaka yote kazi yangu ilikuwa mizani. Mkulima anakuja na gunia lake la kahawa kashuka nalo mlimani, anakuangalia wewe karani, hakuangalii usoni, anaangalia mkono wako kama unagusa sahani. KNCU, ushirika wetu wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianza 1933 kwa kanuni hizohizo, mwanachama mmoja kura moja, awe na miche mia au miche kumi. Na kule Rochdale mwanamke alipokelewa uanachama miaka ya 1840 hiyohiyo, anapiga kura ya duka lake wakati kura ya bunge anaisubiri mpaka 1918, tena hiyo kwa aliyefika miaka 30 na mwenye sifa za mali, kuwa sawa na mwanaume ni 1928.

Tulifika jioni pamefungwa. Nyumba ndogo ya matofali, namba 31, mtaa wa mawe. Baba akaweka viganja kwenye kioo akachungulia ndani muda mrefu, akarudi nyuma akapima upana wa duka kwa hatua, sita na kidogo. Akasema dogo kuliko ghala letu.

Kesho yake kabla ya kurudi tukapitia sehemu nyingine ambayo na yenyewe mwongozaji hakuigusa na kwa kweli hii ningemwambia aiweke, si mbali na katikati ya mji, pale All Saints kwenye chuo kikuu. Umebaki uso tu wa lililokuwa jengo la Chorlton-on-Medlock Town Hall, una kibao. Oktoba 1945 ndipo ulipofanyika mkutano wa tano wa Waafrika wote (Pan-African) wa kudai uhuru, Kwame Nkrumah alikuwepo, George Padmore, mzee Du Bois, Hastings Banda, na Jomo Kenyatta kabla hajarudi nyumbani. Vita imeisha miezi michache, chama cha Labour ndo kimeingia madarakani Julai kwa kura za haohao wajukuu wa wafumaji, na hawa wako ukumbini wanasema na sisi je. Jengo lenyewe wanafunzi wanapita na kahawa zao hawatazami juu. Nilimpiga Baba picha chini ya kibao, kasimama wima mikono ubavuni kama picha ya pasipoti.

Kwahiyo mtu akiniuliza niende? Nenda, ila si na watoto chini ya miaka kumi watachoka, na kama Kiingereza chako si kizuri tafuta mtu wa kukaa naye karibu maana yule mama akishika kasi na ile lafudhi ya kaskazini hata mimi wa miaka tisa huku zilinipita sentensi. Vaa viatu vya kutembea, beba mwavuli hata kama kunang'aa. Jumba la makumbusho la People's History Museum liko mjini hapohapo na kuingia ni bure wanaomba tu mchango, humo kuna bendera za vyama vya wafanyakazi kubwa kama tanga la jahazi, fanyeni siku ya pili msilazimishe siku moja. Jumamosi mchana epukeni, kukiwa na mechi tramu zinajaa mpaka mlangoni.

Yule mama nilimwandikia baadaye kumshukuru nikamwambia na hizo za pamba na idadi ya watu, akajibu vizuri tu, akasema wakati mwingine ataanza na neno marekani. Kile kitambaa alimpa Baba siku ileile, kakikata pembe kwa mkasi wa mfukoni, kiko Moshi sasa kwenye daftari la zamani la chama pamoja na risiti.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaongeza wakiweka choo.